PTEN imepotea, Ki-67 asilimia 6: kinyama cha tezi dume kinaweza kututabiria nini?

Swali la msomaji:

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67. PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) ilikuwa 8.4, akapigwa picha ya MRI, kisha akachukuliwa vinyama 12 kwenye tezi dume. Majibu yanasema vinyama 3 vina saratani, Gleason 3+4=7, kundi la daraja la 2. Chini yake kuna orodha: AMACR chanya, p63 hasi, ERG chanya, PTEN imepotea, Ki-67 asilimia 6. Nimesoma kwamba PTEN ikipotea saratani ni kali sana. Daktari wake anasema baba anaweza kuchagua kufuatiliwa, kupasuliwa au kupigwa mionzi, na ametaja pia kipimo cha jeni chenye gharama kubwa. Je, vipimo hivi vinaweza kutuambia baba ataishi muda gani? Na hicho cha jeni tukifanye?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nianze na lile ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna kitu katika karatasi hiyo kinachosema baba yako ataishi muda gani. PTEN kupotea si hukumu. Ni habari, tena habari yenye uzito, ila uzito huo hubadilika kulingana na swali unalotaka ijibu. Kazi yangu ya kila siku ni kukaa mbele ya hadubini nikisoma vinyama kama vya mzee wako, kwa hiyo acha nikupitishe kwenye orodha hiyo kama ninavyoipitia mwenyewe.

Tuanze kwa kuondoa yasiyohusika. AMACR chanya na p63 hasi hazitabiri chochote. Vijitezi vya kawaida ndani ya tezi dume vimezungukwa na matabaka mawili ya seli, na saratani inapoingia, tabaka la nje, yaani seli za msingi, hutoweka. Rangi ya p63 hushika seli hizo za msingi; isiposhika, tabaka halipo. AMACR ni kimeng'enya ambacho seli za saratani hukitengeneza kwa wingi. Mwenzangu aliyesoma kinyama cha baba yako alikuwa anataka kuwa na uhakika kwamba anachokiona ni saratani kweli, akatumia rangi hizo mbili, akapata uhakika. Neno "chanya" hapo halina ubaya na neno "hasi" halina uzuri. Nimekutana na familia nyingi zilizolia kwa sababu ya neno hilo "chanya", na ninasikitika kwamba ripoti zetu huandikwa kana kwamba hakuna mtu wa nyumbani atakayezisoma.

ERG nayo nitaipitia haraka, ingawa ina historia inayofundisha. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waligundua kwamba katika saratani nyingi za tezi dume kipande cha jeni iitwayo TMPRSS2, ambayo huamshwa na homoni za kiume, hukatika na kuungana na jeni ya ERG. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya muungano huo huonekana katika karibu nusu ya saratani hizi; kwa wenye asili ya Afrika na Asia ni mara chache zaidi. Ulikuwa ugunduzi mkubwa wa kibaiolojia, na wengi wetu tuliamini tumepata kiashiria cha kutenganisha saratani kali na ya upole. Haikuwa hivyo. Makundi makubwa ya wagonjwa waliopasuliwa yalipofuatiliwa, wenye ERG chanya na wenye ERG hasi walikwenda karibu sawa. Kwa hiyo ERG chanya ya baba yako inathibitisha asili ya saratani, basi. Usiihesabu kwa upande wowote.

Sasa mstari wenye uzito kuliko yote, ambao wewe hata hukuuulizia: Gleason 3+4. Mwaka 1966 mwanapatholojia (daktari anayesoma nyama za wagonjwa kwa hadubini) Mmarekani, Donald Gleason, alichapisha njia ya kupanga saratani hii kwa kuangalia umbo la vijitezi tu, kwa ukuzaji mdogo wa hadubini, bila kujishughulisha na sura ya seli mojamoja. Alichora miundo mitano, kuanzia vijitezi vilivyojipanga vizuri hadi seli zilizotawanyika ovyo, akajumlisha namba za miundo miwili iliyotawala. Imepita zaidi ya nusu karne, na hakuna protini moja wala jeni moja ambayo imelishinda jicho lililofunzwa kusoma umbo hilo. Huwa nawaambia hivyo madaktari wanafunzi kila mwaka, maana wengi wao hutamani kipimo kipya kabla hawajajua kusoma kile cha zamani.

Mfumo wenyewe umerekebishwa tangu hapo. Siku hizi jumla ya chini kabisa tunayoitoa kwenye kinyama ni 6, na tangu mkutano wa kimataifa wa wanapatholojia wa mwaka 2014 tunatumia makundi matano ya daraja. Gleason 6 ni kundi la 1. 3+4 ni la 2. 4+3 ni la 3. Jumla ya 8 ni la 4. 9 na 10 ni la 5. Ona kwamba 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini tumezitenga makusudi, kwa sababu mwenye muundo wa 4 kidogo hafanani na mwenye muundo wa 4 mwingi. Muundo wa 3 ukiwa peke yake karibu hausambai kabisa. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 uliwapitia wanaume zaidi ya 14,000 waliotolewa tezi dume na kupewa Gleason isiyozidi 6. Walioandikiwa kwamba saratani imefika kwenye tezi za limfu walikuwa 22 tu, na slaidi zilizopatikana zilipokaguliwa upya, haikuonekana hata saratani moja ya Gleason 6 halisi iliyokuwa imesambaa. Kwa hiyo wasiwasi wote wa baba yako umo ndani ya ile namba 4, na mambo mawili unayopaswa kumwuliza daktari yanaihusu hiyo.

La kwanza: muundo wa 4 ni asilimia ngapi ya saratani iliyoonekana? Asilimia 5 na asilimia 45 zote huandikwa 3+4, na tofauti yake kwa mgonjwa ni kubwa. La pili: umbo la huo muundo wa 4 ni lipi? Lipo umbo tunaloliita kribrifomu, ambapo seli hujaza nafasi na kuacha matundu madogomadogo kama chekeche. Hilo, pamoja na saratani inayokua ndani ya mifereji ya tezi, huenda na mwenendo mbaya zaidi kuliko maumbo mengine ya muundo wa 4. Ripoti nzuri ya leo hutaja hayo mawili waziwazi, kwamba yapo au hayapo. Kama ya baba yako haijataja, slaidi zilezile zinaweza kusomwa tena bila kumchoma sindano nyingine. Ukiniuliza ni wapi pa kuweka fedha kwanza kati ya kipimo cha jeni na jicho la pili la mwanapatholojia aliyebobea kwenye tezi dume, nitasema jicho la pili. Sisi wanapatholojia hutofautiana, hasa kwenye mpaka wa 3 na 4. Mimi mwenyewe nimewahi kubadilisha daraja baada ya kukaa na mwenzangu kwenye hadubini moja, na mgonjwa yule akabadilishiwa njia nzima ya tiba.

Tufike kwenye PTEN. Hii ni jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 10, na kazi ya protini yake ni kuwa breki. Ndani ya seli kuna njia ya ishara inayoiambia seli ikue na isife. PTEN huikanyagia breki njia hiyo. Kipande cha kromosomu kikikatika, breki hupotea. Katika tezi dume zilizotolewa kwa upasuaji, PTEN huonekana kupotea kwa takriban mmoja kati ya wagonjwa watano, na katika saratani iliyokwisha kusambaa kiwango ni kikubwa zaidi, hadi karibu nusu. Mara nyingi hupotea baada ya ERG kuungana, ndiyo maana mara kwa mara unaviona vyote viwili kwenye ripoti moja, kama hiyo yako.

Ulichosoma hakikukosea. Kati ya viashiria vyote vya protini vinavyopimwa kwenye kinyama, PTEN ni miongoni mwa vilivyorudia kutoa majibu yaleyale katika makundi mbalimbali ya wagonjwa: ikipotea, uwezekano wa saratani kurudi au kusambaa huwa mkubwa zaidi. Kuna jambo la pili ambalo kwa baba yako naliona muhimu zaidi. PTEN ikipotea kwenye kinyama, uwezekano kwamba sindano imekosa sehemu yenye daraja la juu zaidi huongezeka. Sindano ya biopsi huchota uzi wa nyama mwembamba, upana wake kama milimita 1 na urefu wake sentimita 1 hadi 2. Vinyama vyote 12 kwa pamoja havifiki asilimia 1 ya tezi nzima. Tena saratani ya tezi dume kwa kawaida huota mahali kadhaa kwa wakati mmoja, na machipukizi hayo yanaweza kuwa na asili tofauti: moja lina ERG, jirani yake halina; moja limepoteza PTEN, jingine linayo. Kwa hiyo PTEN iliyopotea naisikia ikiniambia, "tazama tena, huenda kuna kingine."

Lakini hakikisha kwanza kwamba imepotea kweli. Kipimo hiki hufanywa kwa kingamwili yenye rangi, na rangi inaweza kukosa kushika kwa sababu ya nyama kukaa muda usiofaa kwenye formalini, ile dawa ya kuizuia isioze, au kuhifadhiwa vibaya. Kinga yetu ni kuangalia majirani. Vijitezi vya kawaida vilivyo pembeni ya saratani, na nyama iliyo kati ya vijitezi, lazima viwe vimeshika rangi. Hapo ndipo weupe wa saratani una maana. Kama majirani nao ni weupe, kipimo hakikufanikiwa na kinapaswa kurudiwa. Uliza pia kama imepotea kwenye saratani yote au kwenye kiraka tu.

Na Ki-67? Ni protini inayoonekana kwenye kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika. Jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa, na namba 67 ni ya kijishimo cha sahani ya maabara ambamo kingamwili ya kwanza ilipatikana. Iliripotiwa mwaka 1983. Asilimia 6 maana yake ni kwamba kati ya kila seli 100 za saratani zilizohesabiwa, 6 zilikuwa katika mzunguko huo. Saratani ya tezi dume hukua polepole, kwa hiyo namba zake huwa ndogo ukilinganisha na saratani nyingine. Kwa jumla, Ki-67 ikipanda, hatari hupanda. Shida ni wapi pa kukata. Tafiti mbalimbali zimeweka mpaka kuanzia chini ya asilimia 4 hadi zaidi ya 10, na asilimia 6 inaanguka katikati ya mabishano hayo. Pia maabara mbili zikipewa kinyama kimoja zinaweza kutoa 4 na 8, kutegemea kingamwili, mashine na mahali mhesabuji alipochagua kuhesabu. Ingekuwa 25, ningeshtuka. Asilimia 6 mimi siipi kura.

Hapa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha swali lako, maana ndiko wasomaji wengi wanakopotoshwa, wakiwemo madaktari. Chukua hesabu ya kubuni, si takwimu za utafiti wowote. Tuseme kati ya wanaume 100 wenye PTEN salama, saratani inasambaa kwa 5 ndani ya miaka 10. Kati ya wengine 100 waliopoteza PTEN, inasambaa kwa 10. Mtafiti ataandika kwamba PTEN kupotea huongeza hatari mara mbili, na atakuwa amesema kweli kabisa. Sasa watazame wale 100 wa pili. Tisini kati yao haikusambaa. Ukiwapasua wote kwa ajili ya rangi ile moja tu, 90 wamebeba madhara ya upasuaji kwa hofu ya jambo ambalo lisingewapata katika muda huo. Na katika kundi la kwanza, lile lililoambiwa liko salama, wapo 5 waliosambaziwa. Kiashiria kinaweza kuwa cha kweli kwa kundi na bado kisimfikie mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Ndiyo sababu sikupi miaka. Ningekupa, ningekuwa nimekupa wastani wa watu wengine.

Kuna tatizo jingine lililojificha ndani ya tafiti zenyewe. Saratani hii huenda taratibu kiasi kwamba mtafiti anayetaka kujua nani alikufa nayo lazima asubiri miaka 15 au zaidi. Wengi hawasubiri, hutumia kupanda kwa PSA baada ya upasuaji kama kituo cha kuhesabia. Lakini PSA kupanda si sawa na kufa. Kundi moja maarufu la wagonjwa karibu 2,000 waliopasuliwa na kufuatiliwa Marekani, lililochapishwa mwaka 1999, lilionyesha kwamba baada ya PSA kupanda, muda wa kati kabla saratani haijaonekana mahali pengine mwilini ulikuwa miaka 8, na kutoka hapo hadi kifo miaka mingine 5. Kiashiria kinachotabiri PSA kupanda kinaweza kisiwe na la kusema kuhusu kifo. Na anayesubiri miaka 15 naye ana yake: nyama aliyoihifadhi ilisomwa kwa mfumo wa zamani wa Gleason, na wagonjwa walitibiwa kwa njia ambazo leo zimeachwa. Ongeza kwamba tafiti nyingi zilifanywa kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, ilhali wenye asili ya Afrika, ambao hupata saratani hii kwa wingi zaidi, hawafanani nao kwa ERG wala kwa PTEN. Mpaka uliochorwa kwa kundi moja hauhamishiki kwa lingine bila kupimwa upya. Mambo haya yalizidi kiasi kwamba mwaka 2005 yalitolewa mapendekezo ya kimataifa ya namna ya kuripoti tafiti za viashiria vya saratani, yaitwayo REMARK, ili watu waache kuchagua mpaka unaowapendezea baada ya kuona majibu. Viashiria vilivyosifiwa kwenye karatasi ni vingi mno. Vilivyobaki kwenye meza ya daktari unaweza kuvihesabu kwa vidole.

Halafu kuna kutabiri kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Kiashiria kimoja hukuambia saratani itakwendaje. Kingine hukuambia dawa gani itafanya kazi. Wingu zito hutoa habari za mvua. Halikuambii paa lipi litavuja. PTEN ni ya aina ya kwanza. Watafiti walijaribu kuihamishia aina ya pili: kama breki imekatika, tutumie dawa ya kuzuia ile njia iliyoachiwa. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, wanaume zaidi ya 1,000 wenye saratani iliyosambaa na iliyoshinda tiba ya kuzuia homoni walipewa abirateroni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, nusu yao wakaongezewa dawa ya namna hiyo, ipatasetibu. Kwa waliopoteza PTEN, muda kabla ugonjwa haujasonga kwenye picha ulitoka miezi 16.5 hadi 18.5. Miezi miwili, na madhara zaidi ya kuharisha na upele. Kazi kwenye kundi hili la dawa inaendelea, lakini kwa mtu ambaye saratani yake bado imo ndani ya tezi, kama baba yako, PTEN haichagui dawa yoyote.

Mfano wa aina ya pili upo, na ni mzuri: jeni za kukarabati DNA, hasa BRCA2. Mwaka 2020 jaribio liitwalo PROfound lilionyesha kwamba wanaume wenye saratani iliyosambaa na hitilafu kwenye BRCA1, BRCA2 au ATM walipata miezi 7.4 kabla ugonjwa haujasonga walipopewa olaparibu, dawa inayolenga hitilafu hizo, dhidi ya miezi 3.6 kwa waliopewa dawa nyingine ya homoni, na waliishi miezi 19.1 dhidi ya 14.7. Hapo kipimo cha nyama kimebadilisha dawa, na dawa imebadilisha maisha. Hicho ndicho kigezo ninachokitamani kwa kila kiashiria.

Sasa kipimo cha jeni alichokitaja daktari. Vinavyojulikana zaidi ni Oncotype DX, Prolaris na Decipher. Vyote huchukua saratani ileile ya kinyama, iliyohifadhiwa maabara kwenye nta, huchota RNA, yaani nakala ambazo jeni zilizowashwa hutoa, hupima ni jeni zipi zimewashwa, kisha hutoa alama. Cha kwanza hutumia jeni 17. Cha pili huangalia jeni 31 za mzunguko wa seli kugawanyika, jambo linalokaribiana na swali la Ki-67 ila kwa upana zaidi. Cha tatu hutumia viashiria 22 vya RNA na kutoa alama kati ya 0 na 1, ambapo chini ya 0.45 ni hatari ndogo na juu ya 0.60 ni kubwa. Navikubali kwamba vinaongeza habari juu ya Gleason na PSA, hasa kwa watu wa katikati kama baba yako. Navyo vina mipaka. Vinapima chipukizi lililochomwa sindano, si lile lililokoswa. Na hakuna jaribio lililokwisha kuonyesha kwamba wanaume waliopimwa waliishi zaidi kuliko wasiopimwa.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, kaeni na baba, mwulizeni swali moja: alama ikija ndogo utafanya nini, na ikija kubwa utafanya nini? Kama majibu yake ni tofauti, kipimo kina kazi. Kama ameshaamua kwamba hataki kuishi na saratani mwilini na atapasuliwa kwa vyovyote, au kama ana moyo dhaifu na hakuna daktari atakayempasua, alama hiyo itakuwa namba ya kuogopesha tu.

Unaweza kujiuliza kwa nini daktari ametaja kufuatiliwa wakati mimi nimesema PTEN ni habari nzito. Jaribio la ProtecT la Uingereza liliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa kwa PSA, umri wa miaka 50 hadi 69, kwa bahati nasibu: kufuatiliwa, upasuaji au mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitoka mwaka 2023. Waliokufa kwa sababu yoyote ile walikuwa 356. Waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45, yaani asilimia 2.7. Kwa waliofuatiliwa ilikuwa asilimia 3.1, upasuaji 2.2, mionzi 2.9. Saratani kusambaa kulikuwa zaidi kwa waliofuatiliwa, asilimia 9.4 dhidi ya karibu 5 kwa wengine. Wengi wa wanaume hao walikuwa na saratani ya hatari ndogo, na hakuna aliyechaguliwa kwa PTEN, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama za baba yako. Zinakuonyesha tu kwamba muda wa kufikiri upo. Wiki chache za kupata jicho la pili hazitamdhuru.

Ningekuwa mimi nashauriana na daktari wake, ningependa kufuata njia hii. Slaidi zisomwe upya kwa ajili ya asilimia ya muundo wa 4, kribrifomu na saratani ya ndani ya mifereji, na PTEN ihakikishwe. MRI iangaliwe tena: je, zile sindano zilipita kwenye doa lililoonekana, au pembeni? Ikitokea muundo wa 4 ni mwingi, au kribrifomu ipo, halafu PTEN imepotea kweli, basi ushahidi umekusanyika upande mmoja na mimi ningeegemea kutibu, mradi afya yake nyingine inaruhusu. Ikiwa muundo wa 4 ni kidogo, hakuna kribrifomu na MRI haina doa la kutisha, kufuatiliwa bado ni njia halali, lakini kwa sababu ya PTEN nisingekubali ufuatiliaji wa kulegalega. Ningetaka biopsi ya kuthibitisha mapema, inayolenga doa la MRI, badala ya kungoja PSA ipande. Kati ya hali hizo mbili ndipo kipimo cha jeni kinapoweza kusaidia kuamua.

Jambo moja hukuuliza, ila linakuhusu wewe na ndugu zako. Je, upande wa baba kuna waliopata saratani ya tezi dume, ya matiti, ya ovari au ya kongosho, hasa wakiwa vijana? Hitilafu za BRCA2 hurithiwa na wanawake kwa wanaume. Kati ya wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, karibu asilimia 12 wamekutwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni za kukarabati DNA. Kwa ambao haijasambaa ni wachache zaidi. Kama historia ipo, au kama usomaji wa pili ukionyesha saratani ndani ya mifereji, mwombeni daktari kipimo cha damu au mate cha jeni za kurithi. Kwa familia yenu hicho kinaweza kuwa na faida kuliko alama ya RNA, kwa sababu jibu lake ni lenu nyote.

Mwisho, fuatilia kile kibonge cha nta. Nyama ya baba yako haikuishia kwenye ile slaidi; iliyobaki imegandishwa ndani ya kibonge kidogo cha parafini kwenye kabati la maabara, na inaweza kukatwa tena baada ya miaka mingi. Andika namba ya maabara iliyo juu ya ripoti, ulizia watakihifadhi hadi lini, na mkihamia hospitali nyingine, ombeni kihamie nanyi au kikopeshwe kwa maandishi. Siku ikihitajika kupima BRCA2 kwenye saratani yenyewe, au kitu ambacho leo hakijavumbuliwa, kitahitajika kibonge hicho.

Msalimie mzee. Ukipata usomaji wa pili, niandikie majibu yake yanasema nini, nami nitakujibu.